Karatasi kabla ya mbio: kijana wa Burundi kati ya chuo na mshahara

Mwaka 1988, dunia ilipokusanyika Seoul kwa michezo ya Olimpiki, Burundi ilikuwa na mkimbiaji wa mita 800 anayefahamika nje ya mipaka yake. Jina lake Dieudonné Kwizera. Hata angekuwa na kasi ya swala, asingeingia uwanjani. Nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na asiye na kamati hana namba ya kubandika kifuani. Miaka minne ikapita, ikaja Barcelona, hadithi ikawa ileile. Miaka ambayo mkimbiaji hutakiwa awaze mapafu na miguu, Kwizera aliitumia pia kuhangaikia barua, saini na mihuri, hadi kamati ya Burundi ikatambuliwa mwaka 1993.

Huko Marekani na Kanada kuna swali linalowakosesha usingizi wazazi wa vijana wa hoki ya barafu. Kijana wa miaka 18 ameshachaguliwa na timu ya kulipwa, na papo hapo chuo kikuu kimempa udhamini wa masomo. Abaki darasani au asaini? Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na mtego ndani yake: aliyecheza hata mechi moja katika ligi kuu za vijana za Kanada alihesabiwa kuwa amekwisha kuonja mchezo wa kulipwa, na mlango wa michezo ya vyuo vya Marekani ukafungwa nyuma yake. Sheria hiyo ilibadilishwa Novemba 2024, mabadiliko yakaanza kutumika Agosti 2025.

Bujumbura, barafu tunayoijua ni ile ya kupozea samaki aina ya mukeke sokoni. Lakini swali lenyewe tunalo, na tumekaa nalo zaidi ya miaka 30. Tofauti ni kwamba kwetu halijawahi kuwa swali la kwanza. Kabla kijana hajaulizwa kama anataka chuo au mshahara, huulizwa makaratasi yake yako wapi. Ukitaka kuandika historia ya wanamichezo wa Burundi waliokwenda kulipwa nje na wale waliokwenda kusoma, medali zitakupa nusu ya habari. Nusu nyingine imelala kwenye mafaili.

Njia ya chuo haikufunguliwa na Warundi. Waliotangulia ni Wakenya, miaka ya 1970, na mahali pao maarufu palikuwa Pullman, mji mdogo ulipo Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1977 Samson Kimobwa, mwanafunzi wa pale, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Henry Rono. Kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni 1978, siku 81 tu, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, halafu mita 3,000. Alikuwa mwanafunzi. Chuo kilimlipia ada, malazi, chakula na vitabu. Zaidi ya hapo, kwa sheria za wakati ule, mkimbiaji wa ridhaa hakutakiwa kupokea malipo ya ushindi wake. Makocha wengine wa Marekani walinung'unika kwamba wageni wanawapokonya vijana wao nafasi. Na Kenya ikasusia Olimpiki ya 1976 na ile ya 1980, kwa hiyo bingwa huyo wa rekodi nne hakuikanyaga Olimpiki hata siku moja. Ukiniuliza, hiyo ndiyo sura ya kwanza ya habari hii katika kanda yetu: miguu ni ya kijana, ratiba ni ya serikali.

Kwa nini Mrundi hakufuata njia hiyo mapema? Milima tunayo. Kutoka Bujumbura, iliyokaa kando ya ziwa kwenye joto la mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, basi likipanda Bugarama kwa saa moja tu abiria wanaanza kutafuta masweta. Kilichokosekana ni lugha. Mkenya aliomba nafasi Marekani kwa Kiingereza alichofundishwa shuleni. Mrundi alisoma kwa Kirundi na Kifaransa, na kocha wa Texas au Idaho hasomi barua ya Kifaransa. Mlango uliokuwa karibu na ulimi wetu ulikuwa wa Ulaya, na Ulaya haina utamaduni wa kumlea mkimbiaji chuoni. Ulaya ina mameneja, vilabu na mikutano ya riadha ya jioni yenye bahasha.

Bahasha hizo zilikuwa jambo jipya. Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia liliruhusu mkimbiaji afunguliwe mfuko wa amana wa kuwekewa mapato yake, na kutoka hapo neno ridhaa likaanza kubaki jina tu. Miaka ya 1990 ilipofika, huko Oslo, Zürich, Brussels na Berlin wakimbiaji walikuwa wakishindania vipande vya dhahabu halisi. Ni katika soko hilo ndipo alipoingia kijana wa Vugizo, Makamba, aitwaye Vénuste Niyongabo. Mwaka 1992 alipata medali ya fedha ya mita 1,500 kwenye mashindano ya dunia ya vijana, huko Seoul, jiji lilelile lililomkosa Kwizera. Badala ya chuo alikwenda Italia, akaweka makazi Siena na kuishi maisha ya mkimbiaji wa kulipwa: mazoezi, ndege, mbio, ndege. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya dunia ya Göteborg, alichukua shaba ya mita 1,500 nyuma ya Noureddine Morceli na Hicham El Guerrouj. Siku hizohizo Arthémon Hatungimana alichukua fedha ya mita 800 nyuma ya Wilson Kipketer. Medali mbili kwa nchi ambayo wakati huo magazeti ya dunia yaliitaja kwa habari za vita peke yake.

Vita hiyo ndiyo iliyomtuma Mrundi mwingine njia ya chuo, tena kwa namna ambayo hakuna mzazi angeiombea. Ukitoka Bujumbura kwenda Gitega unapita Kibimba, penye shule iliyoanzishwa na misheni ya Waquaker. Mnamo mwaka 1993 alikuwapo hapo mwanafunzi wa Songa, Bururi, aitwaye Gilbert Tuhabonye, tayari miongoni mwa wakimbiaji bora wa umri wake, na ndoto yake ilikuwa udhamini wa chuo cha Marekani. Tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kwa kura huru, aliuawa. Nchi ikawaka, na katika siku na miezi iliyofuata Warundi wa pande zote waliuawa kwa maelfu. Kibimba, wanafunzi na walimu Watutsi walifungiwa katika jengo wakachomwa moto. Tuhabonye alilala saa nyingi chini ya miili ya wenzake, kisha akavunja dirisha na kukimbia huku ameungua mgongo na mguu. Leo hapo kando ya barabara kuna mnara wa kumbukumbu wenye maandishi ya Kifaransa, Plus jamais ça: isitokee tena. Dereva mzoefu hupunguza mwendo akifika, hata kama hana abiria wa kushusha.

Madaktari walimwambia asitegemee kukimbia tena kama zamani. Akakimbia. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta alipelekwa jimbo la Georgia katika mpango wa mazoezi kwa wanariadha wa nchi changa, na kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Abilene Christian, Texas. Hapo ndipo neno udhamini linapoonyesha uzito wake. Kijana aliyefika na makovu alipewa kitanda, darasa, kocha na muda. Alishinda mbio za vyuo na akaingizwa mara kadhaa katika orodha ya wanamichezo bora wa vyuo nchini humo. Akahitimu, akahamia Austin, akaanzisha kundi la mazoezi liitwalo Gilbert's Gazelles, na mwaka 2006 akashiriki kuanzisha taasisi ya Gazelle, ambayo tangu hapo imekuwa ikipeleka maji ya bomba vijijini Burundi. Rekodi ya dunia hakuvunja. Kwenye Olimpiki hakuonekana. Lakini ukihesabu kwa mabomba, sijui ni mkimbiaji gani wetu aliyekwenda mbali kumzidi.

Turudi Atlanta. Julai 1996 Burundi ilipeleka timu yake ya kwanza kabisa kwenye Olimpiki. Kwizera alikuwapo, sasa na miaka 29, zaidi kama kocha na msimamizi kuliko mkimbiaji. Alikuwa ameupigania mlango mpaka ukafunguka, na ulipofunguka akakuta vijana wameshampita kasi. Niyongabo, mmoja wa waliotazamiwa kupata medali ya mita 1,500, akamwachia nafasi yake katika mbio hizo ili mzee wake naye aonje Olimpiki. Yeye akabaki na mita 5,000, umbali aliokuwa ameukimbia mara mbili tu katika mashindano.

Hapa napenda msomaji atulie kidogo, kwa sababu tukio hili husimuliwa kama hadithi ya wema, nalo ni la wema kweli, lakini lina hesabu pia. Mkimbiaji wa kulipwa anaishi kwa umbali wake. Waandaaji wa Zürich wanamlipa kwa sababu ni mtu wa mita 1,500. Medali ya Olimpiki katika umbali huo ingepandisha bei yake kwa miaka. Niyongabo aliiweka pembeni bei hiyo akaingia kwenye mbio za watu wengine. Sijui meneja gani wa leo angekubali.

Kule nyumbani mambo yalikuwa yanachemka. Tarehe 25 Julai, wakati michezo ikiendelea, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mara ya pili. Tarehe 31, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Tarehe 3 Agosti, Niyongabo alisimama mstarini Atlanta. Mbio zilikwenda kwa mwendo wa kuviziana hadi mizunguko ya mwisho. Kengele ilipokaribia akatoka, akaongeza, na mguu ule wa mita 1,500 ukafanya kazi ambayo wazoefu wa mita 5,000 hawakuwa na dawa yake. Paul Bitok wa Kenya alimfukuza hadi utepeni bila kumfikia. Dakika 13, sekunde 7.96. Dhahabu ya kwanza ya Burundi, katika Olimpiki ya kwanza ya Burundi, wiki moja na ushei baada ya mapinduzi. Siku tano kabla yake mtu mwingine wa timu hiyohiyo, Aloÿs Nizigama, alikuwa amemaliza wa nne katika mita 10,000. Mizunguko 25 ya joto la Georgia, na nafasi ambayo haina medali wala wimbo wa taifa.

Kwizera alikimbia mita 1,500 zake. Hakufika fainali.

Baada ya dhahabu, Niyongabo alikuwa na mwaka mmoja mzuri sana, 1997, kisha majeraha yakaanza kumla. Sydney 2000 hakuingia fainali. Ndiyo tabia ya mshahara wa miguu: hauna likizo ya ugonjwa. Mwenye udhamini wa chuo akiumia bado anaweza kukaa darasani, ingawa hapo napo kuna mitego, maana udhamini mwingi hutolewa mwaka kwa mwaka na kocha asiyeridhika anaweza kutouendeleza. Wazazi wengi wa Bujumbura hawalijui hilo. Wakisikia udhamini hudhani ni miaka minne iliyokwisha kulipiwa.

Mpaka hapa nimesema ya milimani, na wakimbiaji wetu kweli ni watu wa mikoani: Makamba, Bururi, Ruyigi. Mji wenyewe wa Bujumbura huzaa wachezaji wa mpira, na Buyenzi ndiyo tumbo lake. Mtaa huu wa mafundi magari, misikiti na Kiswahili umetoa kizazi baada ya kizazi cha vijana wanaopiga mpira barabarani hadi adhana ya magharibi. Hapo swali la chuo halikuwahi kupewa kiti. Klabu kubwa ilikuwa Vital'O, na mwaka 1992 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika: sare ya 1-1 nyumbani dhidi ya Africa Sports ya Ivory Coast, kisha 4-0 Abidjan. Mechi mbili hizo zilifanya jina la klabu lisomeke mbali.

Wa kwanza kuvuna alikuwa Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura wa mwaka 1977. Kutoka Vital'O alikwenda Yanga ya Dar es Salaam akiwa bado kinda, kisha Afrika Kusini, kisha FC Zürich, Rennes, na mwaka 2000 Monaco. Aprili 2004 alifunga bao la tatu Monaco walipoipiga Chelsea 3-1 katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na kwenye fainali dhidi ya Porto aliingia kipindi cha pili. Timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Utaona ngazi ile: Bujumbura, Dar, Afrika Kusini, Uswisi, Ufaransa. Hakuna ngazi iliyoandikwa shule. Katika miaka ambayo mwenzake wa Marekani angekuwa akifanya mtihani wa muhula, Nonda alikuwa akibadilisha klabu na lugha.

Dar es Salaam ikawa tangu hapo chuo kikuu cha wachezaji wetu, na nasema chuo kwa nusu ya utani tu. Kijana wa Buyenzi akifika Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba hahitaji mkalimani. Anaagiza chai, anabishana na mwenye nyumba, anawajibu waandishi wa habari kwa lugha aliyonyonya kwa mama. Didier Kavumbagu alikwenda Yanga mwaka 2012. Amissi Tambwe alitoka Vital'O kwenda Simba mwaka 2013, mwaka ambao Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba wakamwacha. Yanga wakamwokota, naye msimu wa 2015/16 akafunga 21. Hakuna somo la biashara ya mikataba lililo wazi kuliko hilo, na Tambwe alilipwa kulisoma.

Saïdi Ntibazonkiza yeye alizunguka ngazi yote akarudi chini yake. Kutoka Vital'O alikwenda NEC ya Nijmegen, Uholanzi, kisha Poland, Uturuki, Ufaransa, Kazakhstan. Akarejea Vital'O, akaenda Yanga mwaka 2020, Geita Gold, halafu Simba. Msimu wa 2022/23, na umri wa miaka 36 ukimgonga mlangoni, alimaliza akiwa mfungaji bora wa Tanzania sawa na Fiston Mayele, mabao 17 kila mmoja. Vijana wa Buyenzi humtaja Saido kwa heshima ya mjomba aliyerudi kutoka safari na mzigo wake mzima.

Kanda hii ina mtu ambaye swali lile la Wamarekani lilimfikia kama lilivyo, bila kupunguzwa. Ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alishika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, akapita Kenya na shule za sekondari Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ulikuwa mita 2.21. Kila mwaka alipomaliza msimu aliulizwa: unabaki? Alibaki mwaka wa kwanza, akabaki wa pili, na baada ya wa tatu, akiwa na mwaka mmoja mkononi, akaondoka. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika NBA nzima, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini akapate dakika za kucheza, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limempata mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo. Je, angebaki mwaka wa nne? Wabishi wa vijiweni wamelijadili mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema aliyeshika mpira ana miaka 15 alihitaji kila mwezi wa kufundishwa ambao angeupata. Lakini nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti, wala sikuwa mimi niliyewekewa mezani mkataba wa mamilioni ya dola na mama akiwa Dar.

Wengine walichaguliwa njia na vita bila kuulizwa. Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura, alifika Uingereza kama mkimbizi akiwa na miaka 10, akalelewa na akademia ya West Bromwich Albion. Mwaka 2018 alihamia upande wa Burundi, na mwaka 2019 akaiongoza timu kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mara yetu ya kwanza. Gaël Bigirimana alifika Coventry mtoto, akaenda mwenyewe kwenye akademia ya klabu akaomba ajaribiwe. Mwaka 2012 alikuwa Newcastle. Mwaka 2022, Yanga. Huko Uingereza kijana wa akademia husaini mkataba wa miaka miwili akiwa na 16, analipwa posho na bado analazimika kusoma. Ni njia ya katikati ambayo Bujumbura haijawahi kuwa nayo: mpira na daftari chini ya paa moja.

Kwa Francine Niyonsaba karatasi ilikuwa ya maabara. Msichana huyo wa Ruyigi, fedha ya mita 800 Rio 2016, bingwa wa dunia wa ndani 2016 na 2018, alikuwa amehamia Oregon kama mkimbiaji wa kulipwa wakati shirikisho la riadha lilipoanza kutumia, Mei 2019, masharti ya homoni kwa baadhi ya wanawake kuanzia mita 400 hadi maili moja. Hakukubali dawa. Akapanda umbali, na Septemba 2021 huko Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Machi 2023 masharti yakatandazwa hadi umbali wote.

Na sasa soko lenyewe limegeuka. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo Marekani anaruhusiwa kupata fedha kwa jina na sura yake, na tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ule ukuta kati ya chuo na mshahara, uliomfunga Rono, umebomoka. Ila mgeni mwenye viza ya mwanafunzi bado hana ruhusa ya kufanya kazi kama mwenyeji, kwa hiyo mezani kuna sahani lakini mkono wake umefungwa. Kwa Mrundi hata meza haionekani: wiki tatu kabla ya mlango huo kufunguliwa, tarehe 9 Juni 2025, amri ya rais wa Marekani ilianza kutumika, na Burundi imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza kadhaa, ile ya wanafunzi ikiwamo. Kijana mwenye kasi ya kupewa udhamini Texas leo anarudishwa alipokuwa Kwizera mwaka 1988.

Kocha mmoja wa vijana Buyenzi, ambaye hapendi kutajwa, hufundisha jioni na faili la plastiki likiwa limebanwa kwapani. Ndani yake kuna nakala za vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, picha ndogo zenye mandhari nyeupe, na fomu za ridhaa ya mzazi. Siku niliyomkuta, mama mmoja aliyetoka sokoni alisimama kando ya kiwanja, beseni kichwani, akamsubiri amalize kupiga filimbi.

"Mwalimu, huyu mwanangu mnamfanya mchezaji au msomi?"

"Mama, tuombe kwanza apate pasi."

"Pasi ipi? Ya mpira au ya kusafiria?"

Kocha akacheka, akalifungua faili, akamtolea fomu aweke saini. Palipoandikwa jina la klabu au chuo palikuwa wazi.